Kumbukumbu za Mwendo Mbalimbali Katika Kompyuta Moja

Katika miji ya Thika na Ruiru, ambako wanafunzi wa vyuo vikuu vya Mount Kenya na Zetech huandika tasnifu zao, na ambako wenye saiba huelemewa na umati wa watu wanaowahi kuwasilisha ritani za ushuru kabla ya tarehe 30 Juni, kompyuta ya mezani aghalabu haikununuliwa mpya, bali ni Dell au HP iliyokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, ikaletwa kuuzwa huku kwa jina la "ex-UK", na kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 haitoshi kitu. Hapo ndipo fundi hutoa kipande cha pili cha RAM drooni mwake, na mteja, akiona kilichomo kimeandikwa mwendo wa 2133 na hicho cha droo 2400, huingiwa na hofu kwamba kuvichanganya kutaiunguza mashine.

Hofu hiyo haina msingi. Kila kipande kina kichipu kidogo kilichohifadhi tabia zake, na kompyuta inapowashwa, kabla hata Windows haijaamka, bayosi huyasoma maelezo hayo, kisha ikaviamrisha vipande vyote viende kwa mwendo ambao kila kimoja chaumudu, mfano wa punda wawili wa mkokoteni mmoja, ambao mwepesi hana budi kufuata hatua za mwenziwe.

Tena yuko mwenye amri mwingine, ambaye wauzaji hawapendi kumtaja, naye ni prosesa. Core i5-6500, iliyotoka mwaka 2015, iliwekewa mpaka wa 2133 kwa kumbukumbu za aina ya DDR4. I5-7500 ikapewa 2400, na i5-8500 ikapewa 2666. Basi mwenye ile ya kwanza katika mashine ya ofisi, akishawishiwa kulipa zaidi kwa ajili ya kipande cha 3200, amenunua mwendo asioweza kuutumia.

Hadhari ya kweli iko kwenye kizazi cha kumbukumbu, kwa kuwa DDR3 hutumia volti 1.5 na DDR4 volti 1.2, na pengo la kila kimoja limekatwa mahali pake, hata kukilazimisha kipande kiingie ni kuvunja bodi. Wala kizazi cha prosesa hakitoshi kuwa dalili: OptiPlex 3040 na OptiPlex 7040 zote mbili ni za prosesa za kizazi cha sita, ilhali ya kwanza hutaka DDR3L, yaani DDR3 ya volti ndogo, na ya pili DDR4. Ni sharti kusoma kibandiko cha kipande kilichomo.

Kwa rai yangu, ukubwa wautangulia mwendo. Gigabaiti 4 zikiongezewa 8, hata kama mwendo wa vipande ni mbalimbali, ni afadhali mara nyingi kuliko 4 peke yake, maana kumbukumbu inapojaa mashine hukimbilia diski, ambako kila jambo huenda kwa kusuasua. Mwenye uwezo na anunue viwili vilivyo sawa kwa kila hali, vipate kufanya kazi sambamba katika njia mbili. Asiye na uwezo asione haya.

Lakini vipande vingine havipatani, na mashine huzimika ghafla bila ya sababu iliyo dhahiri. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatoa fedha, mwambie fundi aiwashe mbele yako, afungue Task Manager uone ukubwa na mwendo uliopatikana, kisha aipime kwa Memtest86 mpaka imalize duru yake.