Kifua Kisichosikia Dawa ya TB

Mtu wa Chepilat, katika nchi ya chai ya Kenya, akikohoa miezi miwili, akakonda, akawa analowa jasho usiku, jina la kwanza litakalotajwa kituoni ni kifua kikuu (TB). Hapo hakuna kosa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta Kenya ina watu 558 wenye TB katika kila watu 100,000 wa umri wa miaka 15 na kuendelea. Daktari wa Sotik au Kapkatet anayeanza na TB anaanza mahali panapofaa.

Shida hujitokeza mwezi wa nne au wa tano wa matibabu, pale mgonjwa amemeza vidonge bila kuruka siku na kifua bado kinabana. Makohozi yake yalipopimwa kwa mashine ya GeneXpert hayakuonyesha bakteria. Dawa zilianzishwa kwa sababu picha ya eksirei ilionyesha tezi zilizovimba katikati ya kifua, kulia na kushoto. Huenda ni TB iliyozoea dawa. Huenda ni saratani ya tezi. Na huenda ni sakoidosisi, ugonjwa unaofanana na TB kiasi cha kumchanganya hata mtaalamu anayeutazama kwa hadubini.

Kufanana huko kuna sababu. Mwili unapovamiwa na kitu usichoweza kukimaliza, chembe za kinga hukizunguka, zikashikana na kujenga kinundu kidogo kinachoitwa granuloma. Bakteria wa TB hufungiwa humo, na mara nyingi katikati ya kinundu nyama hufa. Katika sakoidosisi vinundu ni vilevile, ila kwa kawaida katikati hapafi, na ndani hapaonekani bakteria yeyote. Ukuta umejengwa, kilichozingirwa hakionekani. Vinundu hivyo hupenda zaidi mapafu na tezi za kifuani, lakini huweza kuota kwenye ngozi, macho, ini, hata kwenye moyo. Wagonjwa wengi hupona wenyewe baada ya miaka michache. Wengine mapafu yao hubaki na makovu yasiyotoka.

Caesar Boeck, daktari wa ngozi wa Norway, ndiye aliyetoa jina ambalo ugonjwa huu unalo mpaka leo, mwaka 1899. Tangu hapo swali ni lile lile: mwili unapigana na nini? Jibu moja halijapatikana, na wataalamu wengi sasa wanaamini halitakuwa moja. Lakini dalili nyingi zinaelekea kwenye hewa tunayovuta, hasa hewa ya mahali pa kazi. Kwa watu wa nchi ya chai, wanaoishi kati ya moshi, udongo, ukungu na vumbi la kiwandani, habari hiyo inawahusu moja kwa moja.

Dalili yenye nguvu kuliko zote ilitoka kiwanda cha taa. Miaka ya 1940, katika mji wa Salem, Massachusetts, wafanyakazi waliotengeneza mirija ya taa, wengi wao wanawake vijana, walianza kuishiwa pumzi na kukonda. Madaktari waliona vinundu mapafuni wakasema ni sakoidosisi. Ugonjwa ukapata hata jina la mji huo. Dkt. Harriet Hardy hakuridhika. Alifuatilia kazi waliyokuwa wakifanya, akafika kwenye unga uliopakwa ndani ya mirija, ambao ulikuwa na madini ya berili. Mwaka 1946, yeye na mwenzake Irving Tabershaw walichapisha habari za wagonjwa 17. Mwaka 1949 viwanda vya taa vya Marekani viliacha kutumia unga huo. Kile kilichodhaniwa ni ugonjwa usio na chanzo kikawa ni ugonjwa wa kazini wenye jina lake, na mpaka leo mtu aliyevuta berili anaweza kuandikiwa sakoidosisi ikiwa hakuna aliyemuuliza kazi yake.

Mambo mawili ya habari hiyo yanafaa kukumbukwa. La kwanza, berili haikuishia langoni mwa kiwanda. Huko Lorain, Ohio, waliougua ni pamoja na majirani wa kiwanda ambao hawakuwahi kufanya kazi humo. Nguo za kazi nazo zilibeba unga huo hadi nyumbani kwa mtu wa kuzifua. La pili, kati ya wote wanaouvuta, ni wachache tu wanaougua. Mwaka 1993 watafiti waligundua kwamba wagonjwa wengi wana umbo fulani la jeni moja la kinga. Vumbi peke yake halikutosha, na jeni peke yake haikutosha. Vilihitaji kukutana.

Nguvu ya vumbi ilionekana tena New York. Idara ya zima moto ya jiji hilo ilikuwa ikipiga askari wake picha za kifua kwa miaka mingi, kwa hiyo kiwango cha sakoidosisi kati yao kilijulikana: kama 15 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Majengo pacha yalipoanguka tarehe 11 Septemba 2001, askari hao walivuta vumbi la saruji, vioo, vyuma na plastiki iliyoungua. Katika miezi 12 iliyofuata walipatikana wagonjwa wapya 13, sawa na 86 katika kila 100,000. Baada ya miaka mitano walikuwa 26. Kama idara hiyo isingekuwa na kumbukumbu za zamani, wagonjwa hao wangeonekana ni bahati mbaya ya watu wachache. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu ndilo tunalolikosa zaidi mashambani kwetu: rekodi ya kifua cha mfanyakazi kabla hajaugua.

Chepilat haina majengo ya ghorofa mia. Ni soko la barabarani kati ya Sotik na Kisii, mpakani mwa Bomet na Nyamira, ambapo Wakipsigis na Abagusii huuziana viazi, ng'ombe na kuni, na vilima vya pande zote ni chai. Kwa mahali kama hapa utafiti unaofaa kusomwa ni ule uliotazama maisha ya kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1990, hospitali kumi za Marekani zilishirikiana kulinganisha wagonjwa 706 wa sakoidosisi na watu wengine 706 wa umri, jinsia na asili zinazofanana nao. Matokeo ya kazi na mazingira yalichapishwa mwaka 2004. Waliofanya kazi ya kilimo, waliotumia dawa za kuua wadudu kazini, na waliofanya kazi mahali penye ukungu na kuvu walikuwa na uwezekano wa karibu mara moja na nusu wa kuwa miongoni mwa wagonjwa. Huo ni uhusiano wa wastani, na hauthibitishi kwamba dawa ya wadudu husababisha sakoidosisi. Wavutaji sigara walionekana wachache zaidi kati ya wagonjwa, jambo ambalo halimpi mtu yeyote sababu ya kuwasha sigara, kwa maana mapafu yake yatakufa kwa njia nyingine. Utafiti mwingine, wa South Carolina mwaka 2001, uliwatazama watu wa vijijini ukakuta uhusiano na majiko ya kuni na kuishi shambani.

Majiko ya kuni! Mwanamke wa Sotik anayepika ugali, maharage na chai ya maziwa huvuta moshi huo asubuhi na jioni tangu utotoni, mara nyingi katika jiko lisilo na dohani, mtoto akiwa mgongoni. Tunajua tayari kwamba moshi wa kuni huleta nimonia kwa watoto na huziba mapafu ya watu wazima polepole. Kuhusu sakoidosisi, ushahidi wa moshi bado ni mwembamba, nao umetoka Marekani, kwenye majiko yenye bomba la kutolea moshi. Lakini mama huyu anavuta kwa mwaka mmoja moshi ambao mkulima wa South Carolina huenda asiuvute maisha yake yote. Haifai mapafu yake yawe ya mwisho kuchunguzwa.

Kiwandani hali ni nyingine. Majani mabichi hunyaushwa kwa saa nyingi, hukatwakatwa na mashine, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto inayotoka kwenye boila ya kuni za mikaratusi. Mpaka hapo kuna unyevu, na vumbi ni kidogo. Vumbi hasa liko kwenye chumba cha kuchekecha, ambako chai kavu hupangwa kwa daraja na nyuzinyuzi kuondolewa, na kwenye ufungaji wa magunia. Kwamba vumbi hilo huumiza kifua si habari mpya. Kitabu cha tiba ya magonjwa ya kitropiki cha Castellani na Chalmers cha mwaka 1919 kilieleza kikohozi cha waonjaji wa chai. Mwaka 1970 Dkt. Uragoda wa Sri Lanka alieleza pumu ya watengenezaji wa chai. Pumu si sakoidosisi, na sitaki msomaji achanganye. Ninachosema ni kwamba mfanyakazi wa chumba cha kuchekecha anayeishiwa pumzi ana kazi ambayo daktari anapaswa kuijua kwa undani kabla ya kuandika jina la ugonjwa.

Upo ugonjwa mwingine wa nyanda za juu za Afrika Mashariki unaosaidia kuelewa jinsi vumbi na jeni vinavyokutana, ingawa huanzia miguuni. Podokoniosisi hujaza miguu maji na kuivimbisha kwa watu waliotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkeno. Nchini Kenya umeripotiwa Marsabit na magharibi. Ethiopia ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi. Dkt. Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alionyesha kwamba chembe za madini huingia kwenye ngozi na kuziba mishipa ya limfu. Mwaka 2012 watafiti waliokuwa wakichunguza wagonjwa wa Ethiopia walikuta tofauti zinazoongeza hatari katika lile lile kundi la jeni za kinga ambamo ile ya berili inapatikana. Kwa muda mrefu wagonjwa wa miguu hii waliambiwa wana matende ya mbu, au kwamba familia yao imelaaniwa. Kumbe ni udongo na mwili wenye mwelekeo fulani, na viatu vinatosha kuuzuia.

Kwa nini basi sakoidosisi haitajwi sana Kenya? Haiwezekani kusema kwamba ngozi nyeusi inaikinga. Detroit, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta wagonjwa wapya 35.5 kwa mwaka katika kila Wamarekani weusi 100,000, dhidi ya 10.9 kwa weupe. Naamini TB inaificha. Ili kuithibitisha lazima kipande kidogo cha nyama kitolewe kwenye tezi au pafu, kipimwe na mtaalamu wa patholojia, na TB iondolewe kwa vipimo. Mkulima wa Chepilat anahitaji nauli, hospitali kubwa na majuma ya kusubiri. Wengi huishia njiani.

Na kukosea kuna hatari pande zote mbili. Mgonjwa wa sakoidosisi aliyeandikiwa TB humeza vidonge vinavyolemea ini bila faida. Mgonjwa wa TB aliyedhaniwa ana sakoidosisi hupewa prednisoloni, dawa inayolaza kinga, na bakteria hupata nafasi ya kusambaa. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kuacha dawa ya TB kwa sababu amesoma makala. Anapaswa kurudi kwa daktari na kudai kuchunguzwa upya.

Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini wa Italia aliwashauri madaktari waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Kenya ina sheria ya usalama na afya kazini na sheria ya fidia kwa walioumia kazini, zote za mwaka 2007. Lakini fidia ya ugonjwa hutegemea ushahidi kwamba kazi ndiyo iliyouleta, na ushahidi huanza na kile kilichoandikwa siku ya kwanza ya kwenda hospitali. Mkulima anayepeleka majani yake mwenyewe kituo cha kununulia hana mwajiri wa kumdai. Mkewe aliye jikoni hana pia. Kwao rekodi ya hospitali ndiyo kinga pekee iliyopo.

Kwa hiyo anayekwenda hospitali na kifua kisichosikia dawa aende na orodha: kazi zote alizofanya na kwa miaka mingapi, kiwandani alikuwa chumba gani, dawa za shambani alizonyunyiza, kama aliwahi kusaga mahindi, kuchomelea vyuma au kukata mawe, kuni anazopikia, na kama nyumba yake ina ukungu. Ataje pia macho mekundu yanayoumizwa na mwangaza, vipele vigumu usoni, na moyo unaoruka mapigo. Akithibitishwa kuwa na sakoidosisi, macho na moyo vipimwe hata kama havimsumbui, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuharibika kimya kimya wakati kikohozi kinapungua.