Mzambarau Mpakani: Kuisoma na Kuifurahia Hadithi Iliyotanguliwa na Kelele

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii humtatiza mhakiki wa fasihi pale inapotokea kazi ambayo haikujiuza wala haikujitembeza, bali ilitembezwa na wengine: waliotoa tuzo, waliopiga marufuku, na wale ambao hawajaisoma hata ukurasa mmoja lakini wana la kusema. Hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko, mwandishi wa Uganda, ni kazi ya aina hiyo. Ni hadithi ya mapenzi baina ya wasichana wawili. Makala haya yananuia kueleza jinsi inavyoweza kusomwa na kufurahiwa kama fasihi, na yanaitazama kutoka mahali mahususi, yaani Angurai, katika Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia, kaskazini mwa mji wa Malaba.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini Angurai, ilhali hadithi yenyewe imewekwa katika mtaa wa Nakawa, jijini Kampala? Jibu liko katika historia ya eneo hilo. Hadi mwaka 1902 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Ndipo wakoloni wakausogeza mpaka na kuwaacha Waiteso wakiwa na jamaa pande zote mbili. Mkazi wa Angurai aliye na shangazi Tororo hamwoni shangazi huyo kuwa mgeni. Hata neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, chimbuko lake ni baisikeli zilizowavusha abiria katika mpaka huu, huko Busia. Ikiwa maneno, ndizi na mahari huvuka kila siku, hadithi nayo huvuka. Basi msomaji wa Angurai anaposoma kuhusu Nakawa hasomi habari za nchi ya mbali.

Hadithi hii ilichapishwa mwaka 2006 katika mkusanyiko wa hadithi za mapenzi uliohaririwa na Ama Ata Aidoo, mwandishi mashuhuri wa Ghana. Mwaka uliofuata ilishinda Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za Kiafrika zilizochapishwa kwa Kiingereza, na Arac de Nyeko akawa Mganda wa kwanza kuitwaa. Tangu hapo ikaanza kuzungumzwa kwa jambo moja tu. Waliopenda waliisifu kwa ujasiri wake. Waliochukia waliilaani kwa ujasiri huohuo. Pande zote mbili ziliafikiana kuhusu mada na kuusahau usanii. Ama kwa hakika, sifa za namna hii huidhuru kazi karibu sawa na laana, kwa kuwa msomaji huifungua akiwa tayari anajua atakachokiona.

Anachokiona akisoma kwa utulivu ni hiki. Anyango anamsimulia Sanyu. Simulizi yote imeelekezwa kwa nafsi ya pili, mithili ya barua isiyo na hakika ya kufika. Sanyu alikwisha kupelekwa London baada ya wawili hao kufumaniwa chini ya mti, na sasa inasikika kwamba anarudi. Habari za kurudi kwake zinamfikia Anyango kupitia kwa Mama Atim, jirani ambaye ulimi wake haupumziki. Hapa ndipo penye umahiri mkubwa wa mwandishi: ulimi uleule unaowaumbua watu mtaani ndio unaoleta habari njema. Mama Atim si shetani wa hadithi. Ni jirani tu, na kila aliyelelewa Malaba, Amagoro au Angurai anamfahamu, maana mji mdogo wa mpakani huishi kwa habari za nani amevuka, na nani, saa ngapi.

Majina ya wahusika yanastahili kuzingatiwa zaidi kuliko yalivyozingatiwa. Sanyu, kwa Kiganda, ni furaha. Anyango ni jina la Kijaluo la msichana aliyezaliwa asubuhi jua likishapanda, na hupatikana kwa Waluo wa Kenya na kwa Wajopadhola wa Tororo vilevile. Msomaji wa Kampala huenda akalisikia kama jina la mtu wa mashariki aliyehamia mjini. Msomaji wa Busia hulisikia kama jina la binti wa jirani. Jina moja, masikio mawili. Basi mtu anayemngoja anaitwa Anyango, na anayengojwa anaitwa Furaha. Mwandishi hakulazimika kusema zaidi.

Kisha kuna mti. Jambula si mti wa kigeni kwa mswahili yeyote: ni mzambarau, ambao tunda lake limeipa lugha yetu jina la rangi. Aliyewahi kula zambarau utotoni anajua kwamba haziliwi kwa siri. Ulimi hubadilika rangi, na nguo ikidondokewa haitakati upesi. Kuwaweka wapenzi chini ya mti ambao tunda lake humshuhudia mlaji ni uteuzi wa ishara ambao hauhitaji maelezo ya profesa yeyote. Inasikitisha kwamba tahakiki nyingi humaliza haraka habari za mti ili zifike kwenye ufumanizi.

Hadithi ilivuka mpaka rasmi mwaka 2018, ilipogeuzwa filamu na mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu, kwa jina la Kiswahili, Rafiki. Nakawa ikawa mtaa wa Nairobi, Anyango na Sanyu wakawa Kena na Ziki, na baba zao wakafanywa wapinzani katika uchaguzi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Hata hivyo, kabla haijaonyeshwa huko, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku nchini mnamo Aprili 2018. Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, na watu wazima wa Nairobi wakafurika kumbini. Wahenga walionya kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka; safari hii waliokuwa wakiipiga kwa nguvu zaidi ni wale waliotaka inyamaze.

Palipozua ubishi mkubwa ni mwisho wa filamu. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulionekana kuwa na matumaini mno. Jambo hili lafaa kutafakariwa na kila mwanafunzi wa fasihi. Bodi ilikuwa imesoma vyema! Ilitambua kwamba katika kazi ya sanaa, mwisho ndio unaotoa hukumu, na kwamba wapenzi wa namna hii wakifa au wakijuta, jamii huwavumilia. Arac de Nyeko hakumwadhibu Anyango kwa kifo; alimwacha akingoja. Kwa kulinganisha, filamu inapendeza kwa rangi na muziki wake, lakini imepoteza ile sauti ya mtu anayezungumza peke yake na mtu asiyekuwapo, na hasara hiyo ni kubwa. Hadithi ingali bora kuliko filamu.

Usomaji huu una uzito wake mpakani. Kenya inavyo vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha Mei 2019. Ng'ambo ya pili, sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaadhibu hata kile inachokiita uenezaji wa mapenzi ya jinsia moja, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20, na mwaka 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Kwa hiyo mwanafunzi anayevuka daraja la Malaba akiwa na kitabu hiki mkobani anavuka na zaidi ya kitabu, ingawa kilichomo ni hadithi ya wasichana wawili na mti.

Linalobaki ni swali la lugha, na ndilo linalowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Mfasiri atauitaje uhusiano wa Anyango na Sanyu? Msagaji ni neno lenye hukumu ndani yake. Mapenzi ya jinsia moja ni msamiati wa mahakama na magazeti. Hakuna aliyewahi kumnong'oneza mwenziwe hivyo. Shoga lingalifaa kwa maana yake ya pwani, ambako mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kike wa moyoni, lakini katika matumizi ya mitaani neno hilo limegeuka kuwa tusi kwa wanaume, na mwanamke wa bara hulikwepa. Kahiu alichagua rafiki, neno lisilomtisha mtu, na huenda aliteua vyema kuliko walivyotambua waliobishana juu ya filamu yake. Yapo pia mwandani na muhibu, ambayo washairi wa kale waliyatumia bila kubainisha jinsia.

Zaidi ya hayo, sarufi yenyewe ina ukarimu ambao Kiingereza hakina. Kiambishi a- hakimtofautishi mwanamume na mwanamke. Katika Kiswahili, mapenzi ya watu wawili yanaweza kusimuliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, alikuja, alinishika mkono, aliondoka, pasipo msomaji kujua ni nani kati yao aliye wa kike, isipokuwa kwa majina. Anayeifasiri "Jambula Tree" atalazimika kuamua ni katika sentensi ya ngapi jina la Anyango litajwe, na msomaji wa Angurai atakuwa tayari amekwisha kumpenda mtu gani kufikia hapo.