Waifai haionekani kwenye Linux? Usikimbilie kununua kadi mpya

Leo naongelea kitu kilichonikosesha oda za siku nzima.

Nilinunua laptopu ya mtumba ya kuposti bidhaa na kutunza hesabu za duka. Windows ilikuwa nzito, nikaweka Linux Mint. Mashine ikawa nyepesi, ila waifai hakuna kabisa. Fundi mmoja akasema kadi imekufa, ninunue nyingine. Hela nilishaitoa mfukoni. Kumbe kadi nzima, imekosa draiva tu!

Kosa langu: nilitafuta draiva kwa jina la laptopu. Laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani. Cha kutafuta ni namba ya kadi yenyewe.

Fanya hivi:

1. Hakikisha waifai haijazimwa. Fungua terminali, andika: rfkill list
Ukiona "Soft blocked: yes", andika: rfkill unblock wifi
Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi ya waifai kwenye laptopu yako.

2. Andika: lspci -nnk
Tafuta "Network controller". Kwenye mstari huo kuna namba ndani ya mabano. Yangu ilikuwa [14e4:4365]. Ile 14e4 ni Broadcom. Ukiona 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek. Chini yake pasipokuwa na "Kernel driver in use", ujue kadi imeonekana ila haina draiva. Kama kadi yako ni ya kuchomeka kwenye USB, tumia: lsusb

3. Utapakuaje draiva bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwa waya, washa "USB tethering" kwenye mipangilio. Laptopu itatumia bando la simu.

4. Fungua "Driver Manager", chagua draiva inayopendekezwa, kisha zima na uwashe. Mimi iliniletea bcmwl-kernel-source, waifai ikarudi. Kwenye Ubuntu tafuta "Additional Drivers".

Ukikwama, usimwambie mtu "waifai haishiki" tu. Mpe namba ile na jina la Linux yako. Si unajua mteja anavyosema "nataka kiatu" bila kutaja saizi? Utamsaidiaje?

Piga picha hatua hizi, na mtumie mwenzako kabla hajatoa hela ya kadi. Hiyo hela ni mtaji!