Kuzuru Mji wa Kale wa Ulaya Peke Yako

Barabara ipitayo hapa Nyashimo kutoka Mwanza yaendelea hadi Bunda na Musoma, na kabla ya kufika Musoma pana njia iendayo Butiama. Huko Butiama alizaliwa, mwaka 1922, Julius Nyerere. Mwaka 1949 alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, mji wa kale wa Uskoti, kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza. Alimwacha nyumbani mama yake na mchumba wake, akakaa huko mpaka alipopata shahada ya M.A. mwaka 1952. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba fikira zake za siasa zilikomaa katika miaka ile.

Baadhi yetu nasi huenda tukapata nafasi ya kwenda mbali, kwa masomo au kwa kazi. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi mtu mmoja, asiye na ndugu wala mwenyeji, awezavyo kuzuru mji kama huo na kuuelewa.

Kwanza ni matayarisho. Raia wa Tanzania aendaye Uingereza hana budi kuwa na pasipoti na viza, nayo viza huombwa mapema. Atatakiwa kuonyesha madhumuni ya safari, fedha za kumtosha, na sababu za kumfanya arudi kwao. Karatasi hizo azitoe nakala, moja akae nayo na nyingine aiache kwa wazazi. Hakuna ndege iendayo moja kwa moja kutoka kwetu mpaka Edinburgh, basi itampasa kubadili ndege njiani. Akishuka London, aweza kupanda gari moshi na kufika kwa muda wa saa nne na nusu hivi.

Pili, ajue majira. Sisi tuko karibu na Ikweta, na mchana wetu walingana na usiku mwaka mzima. Edinburgh iko mbali sana kaskazini. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mwezi wa Juni huzama karibu saa nne usiku. Aendaye wakati wa baridi bila koti zito atapata taabu, na asiyepanga siku yake vema atakutwa na giza hajaona kitu.

Tatu, ajihadhari na hesabu ya saa. Katika ngome ya Edinburgh hupigwa mzinga karibu kila siku, ila si Jumapili. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861, ili mabaharia waliokuwa katika bandari ya Leith wapate kurekebisha saa zao. Wenyeji huuita mzinga wa saa moja, lakini kwa hesabu yetu hiyo ni saa saba mchana. Mgeni asiyekumbuka jambo hili ataachwa na gari moshi!

Sasa na tuingie mjini. Edinburgh ina watu zaidi ya laki tano, lakini sehemu yake ya kale ni ndogo, na mtu aweza kuizunguka kwa miguu siku moja. Aliye peke yake na aanze kwa kupanda mahali pa juu. Kilima kiitwacho Arthur's Seat kina urefu wa mita 251 juu ya bahari, na hakitozwi kiingilio. Kutoka kileleni ataona ngome juu ya jabali. Jabali hilo ni mabaki ya volkano iliyozimika zamani sana. Ataona pia mgongo wa kilima ukiteremka kutoka ngomeni kwenda mashariki, na barabara moja ndefu juu yake. Hiyo ndiyo Royal Mile, iunganishayo ngome na jumba la kifalme la Holyrood. Urefu wake haufiki kilomita mbili. Mtu akiisha kuiweka barabara hiyo kichwani, ni vigumu kupotea.

Akiteremka na kuifuata, atashangazwa na nyumba ndefu za mawe na vichochoro vyembamba kati yake. Sababu yake ni hii. Mwaka 1513 Waskoti walishindwa vitani na Waingereza, kisha wakajenga ukuta kuuzunguka mji. Watu waliongezeka, lakini hawakupenda kukaa nje ya ukuta, na mgongo wa kilima ulikuwa mwembamba. Basi wakajenga kwenda juu, na nyumba nyingine zikafika ghorofa kumi. Tajiri na maskini walitumia ngazi moja. Maji yalibebwa mgongoni mpaka juu, na maji machafu yalimwagwa dirishani usiku.

Mwaka 1767 mpango wa kijana James Craig ulikubaliwa, mji mpya ukaanza kujengwa upande wa kaskazini, wenye njia pana zilizonyoka. Wenye mali wakahamia huko, na maskini wakabaki katika vichochoro. Mgeni avukaye leo kutoka sehemu moja kwenda nyingine aona kwa macho yake jinsi watu wa mji mmoja walivyotengana. Mwaka 1995 sehemu zote mbili ziliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Mwenye fedha kidogo asivunjike moyo. Jumba la makumbusho la taifa halina kiingilio, ila ngome ina malipo. Asishangae pia kuona noti zisizofanana: benki tatu za Uskoti hutoa noti zao wenyewe za pauni. Tena, sisi tumelelewa kumsalimu kila tunayekutana naye, "Mwangaluka," naye akaitika. Huko watu hupita kimya. Si dharau, ni desturi yao. Lakini ukimwuliza mtu njia kwa adabu, atakuonyesha.

Nimeweka la mwisho jambo ninalotaka sana likumbukwe. Katika bustani ya Princes Street, karibu na mnara mrefu wa mwandishi Walter Scott, pana sanamu ya David Livingstone, Mskoti aliyesafiri katika nchi zetu. Amesimama peke yake. Aipitaye bila kufikiri atadhani mtu yule alisafiri peke yake. Mtoto wa Tanzania ajua zaidi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walibeba pia daftari zake. Susi na Chuma walifika Uingereza mwaka huo huo, wakasaidia kutengeneza kitabu cha safari zake za mwisho. Bila wao, mengi tuyajuayo juu ya safari hizo yangalipotea porini.

Hii ndiyo faida ya kuzuru mahali ukiwa umebeba habari za kwenu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji waweza kukueleza kila jiwe la mji wao, nawe waweza kuwaeleza walipo watu wasioonekana katika sanamu yao. Lakini hutaweza kueleza usilolijua. Asiyejua ya kwao, hata akizunguka Ulaya nzima, atarudi na picha tu.

Kwa hiyo mazoezi na tuyaanze hapa. Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, kwenye barabara hii hii yetu iendayo Mwanza. Ukipata nafasi siku ya mapumziko, nenda na daftari na kalamu. Tazama, uliza wazee, kisha uandike. Atakayefanya hivyo Bujora, kisha Bagamoyo, kisha Mji Mkongwe wa Unguja, siku atakaposhuka peke yake katika kituo cha gari moshi cha Edinburgh hatakuwa na mikono mitupu.