Samaki wa mapambo: Tibu maji kabla ya kununua dawa

Wakazi wa Buruburu, Umoja na Donholm wanaofuga samaki sebuleni huingiwa na wasiwasi mapezi yanapoanza kuchakaa, au madoa mekundu yanapojitokeza mwilini. Baadhi hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya tetrasiklini vya binadamu na kuvimimina ndani ya tangi.

Hatua hiyo huenda ikazidisha madhara. Dawa hizo zaweza kuua pia bakteria wenye manufaa wanaoishi kwenye chujio, ambao huondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Matumizi holela vilevile huzalisha bakteria sugu.

Bakteria kama Aeromonas huwamo majini siku zote, lakini hushambulia zaidi samaki aliyedhoofishwa na maji machafu au msongamano. Hivyo basi, mgonjwa atengwe na robo ya maji ibadilishwe kila siku. Maji ya mfereji yaachwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini ipungue. Yanakofika kwa zamu, yatekwe mapema.

Hali isipobadilika, daktari wa mifugo ndiye aamue dawa na kipimo chake. Mwenye kidonda mkononi asiguse maji hayo, kwani baadhi ya bakteria wa samaki huambukiza binadamu.