Mashini inamenya upesi, lakini nani anajua kuikaza?

Wandugu wanachama, huku kando ya Ziwa Kivu, toka Kalehe mpaka Idjwi, jamaa nyingi zilizoea kumenya kahawa nyumbani, kwa jiwe ao kwa mashini ndogo ya mkono. Sasa stasyo za kuosha kahawa ziko na mashini ya mota. Kazi ya siku nzima ya mama na watoto wake inaisha mbele ya saa moja.

Wengi wanazani mashini inapunguzia kila mtu kazi sawasawa. Sivyo. Inapunguza kazi ya nguvu, inaongeza kazi ya akili. Mwenye kuiongoza akiikaza sana, mbegu zinakatika. Akiilegeza, matunda yanapita mazima. Na unene wa matunda unabadilika katika mavuno. Fundi aliyefundishwa anatazama maganda, anarekebisha, anatazama tena. Asiyefundishwa anaharibu kahawa ya kijiji kizima kwa siku moja. Jiwe halikuweza kuharibu hivyo!

Halafu kuna meza za kuanikia. Kilo 5 za matunda zinatoa karibu kilo 1 ya parche, na inapaswa kukaa mezani mpaka unyevu ushuke kufikia 11 ao 12 kwa mia. Mashini ikienda mbio, meza zinajaa, na wamama wenye kuchagua wanalemewa. Kazi yao watu wanaiita «ya mikono tu». Sisi hatukubali jina hilo. Kuna mdudu antestia anayetoboa tunda, na kahawa inapata ladha ya kiazi kibichi. Mbegu moja inatosha kuharibu kikombe, na mnunuzi akiionja anaweza kurudisha mzigo wote. Mama anayeijua alama ya yule mdudu analinda dola za koperative yote, hata kama kilo zake za siku ni kidogo.

Juu ya hiyo, kumlipa kwa kilo tunaona ni hatari: atakimbiza mkono. Afazali franga ya siku, na nyongeza kama mzigo umepata bei nzuri. Hesabuni meza mbele ya kununua mashini ya pili. Fundisheni watu watatu kwa kila mashini, wanawake wakiwemo, maana mtu mmoja akienda kwenye machimbo katikati ya mavuno, stasyo inafungwa. Mambo haya yaingie katika mkutano mkubwa wa wanachama mbele ya mwezi wa tatu, matunda yakiwa bado mabichi.