Nchi Jirani: Mgeni Aingiaye Komoro

Kusini-mashariki mwa Mtwara, umbali usiofika kilomita 400 baharini, ipo nchi huru ambayo watu wengi wa bara huijua kwa jina tu. Waswahili wa pwani tangu zamani wameiita Ngazija, na watu wake Wangazija, kwa kufuata kile kisiwa kilicho kikubwa kuliko vingine. Jina lake rasmi ni Muungano wa Komoro. Visiwa vitatu vilivyo chini ya serikali yake, yaani Ngazija, Nzwani na Mwali, vina eneo la kilomita za mraba 1,862, pungufu ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Mji mkuu ni Moroni.

Safari za kwenda huko si jambo geni. Wafanyabiashara huvusha mifugo, vyakula na saruji kutoka Tanzania. Wagonjwa na wanafunzi wa Komoro huja Dar es Salaam. Na jamaa za Unguja wana mababu waliozikwa Ngazija. Miongoni mwa wasafiri hao wamo pia askari na polisi, wengine wakiwa likizo, wengine wakiwa kazini. Kwao hao, zaidi ya wasafiri wengine, yafaa ieleweke kwamba masharti ya kuitembelea nchi hii hayakuzuka ovyo. Kila moja lina chanzo chake: ama bahari, ama mlima wa moto, ama dini, ama makovu yaliyoachwa na watu wenye silaha walioingia visiwani bila kualikwa.

Njia iliyo nyepesi ni ya anga. Ndege zitokazo Dar es Salaam hufika kwa muda wa zaidi kidogo ya saa moja katika uwanja wa Hahaya, ulio kaskazini ya Moroni. Saa za Komoro ni zile zile za Afrika Mashariki. Viza hutolewa kwa malipo mgeni afikapo, lakini kwa kuwa taratibu za namna hiyo hubadilika, mtu mwenye busara huuliza kwanza katika ubalozi wa Komoro ulioko Dar es Salaam. Tanzania nayo ina ubalozi wake Moroni, na msafiri apatwaye na shida hapo ndipo pa kukimbilia. Pasi iwe na muda wa kutosha, na tiketi ya kurudi iwepo mkononi.

Fedha ya nchi ni faranga ya Komoro. Thamani yake imefungwa na sarafu ya Euro, na Euro moja ni sawa na faranga 492 hivi. Kwa sababu hiyo, msafiri abebaye Euro hapati taabu ya kubadilisha, wala hapunjwi kwa urahisi. Biashara nyingi huendeshwa kwa fedha taslimu. Asiyekuwa na noti mfukoni asitumaini kwamba kadi ya benki itamwokoa sokoni au kijijini. Dereva naye akumbuke kwamba magari hupita upande wa kulia wa barabara, kinyume cha Tanzania na Kenya, na kwamba barabara za milimani ni nyembamba zenye kona kali.

Majira ya mwaka nayo yanataka kuangaliwa. Miezi ya kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ni ya ukavu na ubaridi wa kadiri, nayo ndiyo inayofaa kwa matembezi. Kuanzia Novemba hadi Aprili huja mvua na joto, na pengine tufani. Usiku wa tarehe 24 Aprili 2019 tufani iliyopewa jina la Kenneth iliipiga Ngazija, ikang'oa mapaa na kuangusha migomba, kabla ya kuvuka na kuiangukia Msumbiji. Msafiri wa miezi hiyo hana budi kusikiliza taarifa za hali ya hewa kila siku, hasa kama anataka kuvuka kisiwa hata kisiwa.

Kuvuka huko ndiko kunakotaka uangalifu mkubwa. Visiwa huunganishwa na ndege ndogo na vyombo vya baharini, na si kila chombo kinachoondoka bandarini kinastahili kuondoka. Mwezi Agosti 2011 meli iliyokuwa imejaza abiria ilizama karibu na pwani ya Ngazija ikielekea Nzwani, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha yao. Askari anayejua maana ya idadi na mpangilio asione haya kuhesabu: abiria wangapi, maboya mangapi, mzigo umepangwaje. Akiona chombo kimezidiwa, na abaki. Kuchelewa siku mbili si fedheha.

Mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, umeitawala Ngazija yote. Ni mlima wa moto ulio hai. Kuupanda kunawezekana, lakini kwa kuongozwa na mwenyeji aijuaye njia, na kwa kubeba maji yote yatakayohitajiwa. Sababu ni kwamba ardhi ya Ngazija ni ya mawe ya volkano yenye vitundu, mvua ikinyesha hupenya chini mara moja, na kwa hiyo kisiwa hakina mito. Wenyeji wengi hukinga maji ya mvua katika mabirika makubwa. Mlima ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia katika mabirika hayo, na watu kwa maelfu wakakosa maji safi ya kunywa. Mgeni anayepewa kata ya maji katika kijiji cha Ngazija ajue kwamba amepewa kitu cha thamani. Asikimwage, wala asioge kana kwamba amekaa ukingoni mwa Rufiji.

Kuhusu afya, chandarua na dawa za malaria zisiachwe nyumbani. Aidha, maji ya kunywa yachemshwe. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kiliingia Komoro, na mgonjwa wa kwanza aligunduliwa katika chombo kilichotoka Tanzania. Ugonjwa ukaenea, Nzwani ikaathirika kuliko visiwa vingine, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Jambo hili halisemwi ili kumlaumu mtu. Lasemwa ili msafiri ajue kwamba katika nchi ndogo kosa la mtu mmoja huenea upesi, na kwamba anayejisikia kuharisha kabla ya safari anao wajibu wa kuiahirisha.

Kwa upande wa lugha, msemaji wa Kiswahili hupata bahati ambayo wageni wengine hawana. Kikomoro ni ndugu wa Kiswahili, na asikilizaye kwa makini hukamata maneno mengi. Hata hivyo, ndugu wawili hawafanani kila kitu. Marahaba, ambayo kwa Waswahili ni jibu la shikamoo, kwa Wakomoro ni asante. Kijana wa Tanzania aambiwaye marahaba na mzee dukani asidhani kwamba mzee amejibu salamu asiyopewa, ameshukuru. Kifaransa na Kiarabu ni lugha rasmi pamoja na Kikomoro, na nyaraka za serikali kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa.

Dini ni Uislamu, wa madhehebu ya Sunni, na karibu watu wote huifuata. Uhusiano wake na pwani ya Afrika Mashariki ni wa tangu na tangu: Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mashuhuri wa Unguja mpaka alipofariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija. Mgeni asiye Mwislamu hukaribishwa bila kinyongo, ila anatakiwa astahi. Mavazi yawe ya heshima mjini na vijijini, kwa wanaume na kwa wanawake. Mavazi ya kuogelea mahali pake ni ufukweni mwa hoteli. Mwezi wa Ramadhani mtu asile, asinywe wala asivute sigara hadharani mchana. Pombe isinywewe barabarani. Kuwahubiria wenyeji dini nyingine ni jambo lililokatazwa. Wala picha za wanawake na wazee zisipigwe kabla ya kuomba ruhusa.

Picha za bandari, viwanja vya ndege na kambi za jeshi zisipigwe kabisa, na hapa ndipo askari mgeni anapohitaji kuijua historia. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, chama cha wapigania uhuru kilichoitwa MOLINACO kilifanya kazi yake kutoka Dar es Salaam. Lakini uhuru huo haukuachwa utulie. Mwezi Mei 1978 mamluki wapatao hamsini, wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard, waliteremka pwani usiku wakaipindua serikali ya Ali Soilih. Mamluki hao wakawa ndio walinzi wa Ikulu kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Rais Ahmed Abdallah alipouawa mwezi Novemba 1989. Mwezi Septemba 1995 Denard alirudi tena kwa mashua za mpira, akamkamata Rais Said Mohamed Djohar, na siku chache baadaye majeshi ya Ufaransa yakaja kumwondoa.

Taifa lililopitia mambo hayo haliwezi kumtazama mgeni mwenye viatu vya kijeshi kama linavyomtazama mchuuzi wa vitunguu. Kwa hiyo askari aendaye likizo aache nyumbani sare, kofia za kazi na mavazi ya mabaka. Asibebe risasi hata moja kwa kusahau mfukoni mwa begi. Akiulizwa kazi yake na ofisa wa uhamiaji, aseme kweli kwa maneno machache, wala asiwahoji wenyeji juu ya majeshi yao.

Lakini ipo kumbukumbu nyingine pia. Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa ofisa wa polisi na kisha kiongozi wa kisiwa cha Nzwani, mwaka 2007 alikataa kuondoka madarakani kwa amri ya serikali ya Muungano. Umoja wa Afrika, ambao mwaka 2008 mwenyekiti wake alikuwa Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, uliamua kusaidia. Tarehe 25 Machi 2008 askari wa Tanzania na wa Sudan waliteremka Nzwani pamoja na askari wa Komoro. Bacar alitorokea kisiwa cha Maore, na Nzwani ikarejea katika Muungano. Mtanzania atembeaye katika vichochoro vya mji mkongwe wa Mutsamudu atakutana na watu wanaoikumbuka siku hiyo. Wakimshukuru, apokee shukrani kwa unyenyekevu. Asijifanye mkombozi.

Limebaki suala la Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte. Komoro inaihesabu kuwa kisiwa chake cha nne, na bendera ya taifa ina nyota nne kwa sababu hiyo. Ufaransa imeishikilia tangu 1975, na mwaka 2011 iliifanya kuwa mkoa wake. Viza ya Komoro haimpeleki mtu Maore. Tangu mwaka 1995, Ufaransa ilipoweka sharti la viza, Wakomoro kwa maelfu wamezama katika mlango wa bahari wa kilomita 70 kati ya Nzwani na Maore, wakisafiri usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa. Mgeni akishawishiwa kupanda mashua hiyo, jibu ni moja tu: akatae. Na katika mazungumzo ya barazani asilifanyie jambo hili mzaha, kwa maana nyumba nyingi za Nzwani zina mtu aliyeondoka usiku asirudi.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Visiwa hivi vimepata wageni wengi waliokuja na mwenyeji asipone. Askari na polisi wa nchi jirani wanapokwenda huko wakiwa na pasi halali, mavazi ya heshima, fedha yao halali na salamu mdomoni, huifanya kazi ya ujirani mwema ambayo mkataba peke yake hauwezi kuifanya. Bahari iliyo kati ya Mtwara na Moroni ni nyembamba, na atakayeonekana kesho upande wa pili akiomba dawa, elimu au hifadhi, ni yule yule aliyemkaribisha mgeni jana kwa kata ya maji ya mvua.